Mdomo Wetu Umelala

Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupambwa atafute kwingine. Mimi ni mtu wa kuku. Nimefanya biashara hiyo tangu nilipoweza kubeba tenga kichwani, na nyumba zote mbili zilizo kwenye uwanja huu nimezijenga kwa kuku. Si kwa mkopo, si kwa urithi. Nimenunua kuku Issuna, Ikungi, mpaka kule Mkalama, nimewapakia juu ya mabasi na malori, nimewauza Dodoma na Dar es Salaam, nikarudi nikafyatua tofali. Nyumba ya kwanza ni yangu. Ya pili, yenye mlango wa bluu, nilimjengea mwanangu alipooa. Siku ya kumkabidhi mke wake ufunguo sikumpa mkononi. Niliuweka juu ya kigoda, nikarudi nyuma, naye akaja akauchukua, amejifunika kanga kichwani. Tangu siku hiyo sikukanyaga tena ndani ya nyumba ile.

Ndivyo tulivyolelewa. Baba mkwe na mkamwana hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawasemeshani ana kwa ana. Baba mkwe akikaribia upande wa mkamwana anakohoa kwanza, ili mwenzake ajifunike au apishe. Na chumba anacholala mkamwana, baba mkwe hajui hata rangi ya pazia lake. Siku hizi wengi wameacha. Wanakaa meza moja, wanagombania rimoti, baba mkwe anatumwa chumvi dukani. Mchungaji wetu aliniambia, "Mzee, hayo ni mambo ya kale." Nikamjibu, "Mchungaji, na mimi ni wa kale." Akacheka, akanywa chai yake, akaenda.

Zamani haikuwa shida, maana mke wangu alikuwepo. Yeye ndiye alikuwa anapita katikati. Nikitaka kitu namwambia yeye, mkamwana akitaka kitu anamwambia yeye, nyumba inakwenda. Alipofariki tukabaki watatu: mimi, mkamwana, na mtoto mchanga wa kubebwa mgongoni. Mwanangu yuko machimboni, anatafuta dhahabu. Akipata anatuma, asipopata hapokei simu. Basi mtoto yule, hata kabla hajaota jino, akawa ndiye mdomo wetu.

Mama yake anamweka kwenye mkeka uani, anamwinamia, anamwambia kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie babu uji uko kwenye kigoda, unapoa."

Nami nilipokaa namjibu mtoto, "Mwambie mama yako babu amesikia. Mwambie pia jana chumvi ilizidi."

"Mwambie babu uji hautiwi chumvi. Labda ni ndevu zake hizo alizozichovya."

Mtoto anatutazama huku na huku, mate yanamtoka. Kwa mdomo wa mtoto mkamwana anaweza kunitania vile ambavyo kwa mdomo wake asingethubutu, na mimi naweza kucheka bila kumcheka. Mtu akitusikia kwa nje anadhani ni mchezo. Si mchezo. Ndivyo tulivyokuwa tunapanga mbegu, tunapanga kuni, tunapeana taarifa za mgonjwa na za msiba. Mtoto alipoanza kutembea alikuwa na maneno matatu: babu, kuku, sitaki. Lakini alishabeba maneno kuliko tarishi.

Sasa nieleze mambo ya dawa.

Mkamwana ni mama lishe wa minadani. Leo mnada wa hapa, kesho wa kule, anabeba masufuria na unga kwenye lori la wafanyabiashara, anapika wali, ugali na supu, anarudi jioni ananuka moshi. Mwanzoni alikuwa anakwenda na mtoto mgongoni. Siku moja mtoto alishuka, akaligusa karai la mafuta. Mkono wa kushoto una kovu mpaka leo, limekunjamana kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Baada ya hapo hakumbeba tena. Na mimi nasema alifanya vizuri kutokumbeba. Mnadani kuna moto, kuna ng'ombe, kuna walevi, pale si mahali pa mtoto.

Lakini mtoto abaki na nani? Niliwahi kusema. Jioni moja nilimwambia mjukuu, "Mwambie mama yako siku za mnada babu yupo, hana safari tena. Mtoto aachwe kwangu."

Mama yake aliendelea kupeta mchele. Halafu akasema, "Mwambie babu asante. Ila mwambie watu watasema mkamwana amemgeuza mkwewe yaya. Kesho nikipita kisimani nitajificha wapi?"

Ilikuwa kweli. Mimi ningechekwa siku moja, na ukinicheka mimi nakujibu. Yeye angesemwa mpaka kwao. Mwanamke aliyemshikisha baba mkwe nepi! Neno likaishia hapo.

Ndipo mtoto akaanza kulala.

Siku za mnada mama anaondoka alfajiri. Usiku wa kuamkia siku hiyo anamwambia mtoto, "Mwambie babu kesho mama yuko mnadani. Wewe utalala mpaka jirani aje kukupa uji." Jirani huyo ni mama mmoja wa ng'ambo ya njia, mtu mwema, anakuja kila siku ya mnada jua likishapanda, anaingia, anamwamsha mtoto, anamlisha, anamtoa uani. Sawa. Lakini mtoto gani wa umri ule analala kutoka alfajiri mpaka jua lipande, wakati siku nyingine zote jogoo hajamaliza kuwika naye yuko uani anakimbiza vifaranga? Na akitolewa nje anakaa tu. Hasemi sitaki. Kuku anapita mbele yake hamtazami.

Mimi nilijua kwa kumwangalia shingo. Wafanyabiashara wenzangu wa kuku, si wote, walikuwa na ujanja wa safari. Ili kuku wasigombane ndani ya tenga, wasipigiane kelele abiria wakalalamika, waliwapa punje zilizolowekwa kwenye pombe kali. Kuku anatulia, anasafiri kama furushi. Mimi sikufanya hivyo, maana mnunuzi akimshika kuku wa namna hiyo, shingo inalala upande, anakwambia huyu mgonjwa, mrudishe kwenu. Basi siku moja jirani alipomweka mjukuu wangu kwenye mkeka na kichwa chake kikalala upande, nilisimama. Nilijua ninachokiona, ila sikujua kimetoka wapi.

Kuku wangu ndio walioifukua chupa kule shimo la takataka. Chupa ndogo ya kahawia, na maandishi ya Kizungu. Herufi nazijua, lakini hizo hazikutaka kuniambia kitu. Nikaitia mfukoni, nikaenda nayo kwenye duka la dawa la barabarani. Binti muuzaji akainama kidogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hii ni dawa ya nini?"

Akaigeuza. "Ya mafua, babu. Na ya kuwashwawashwa. Ya watoto."

"Inalaza?"

"Inaleta usingizi, ndiyo."

"Mtoto asiye na mafua akipewa?"

Akanitazama vizuri. "Babu, kuna mtu anampa mtoto ili alale?"

"Nimekuuliza wewe, usiniulize mimi."

"Basi hapewi. Hata mwenye mafua, akiwa mdogo sana hapewi mpaka aonwe zahanati. Na ikizidi ni hatari, pumzi inakuwa nzito. Ukimwita asipoamka, usingoje, mkimbize."

"Na mnaiuza kwa kila mtu?"

"Babu, mtu akija akasema mtoto ana mafua, mimi siwezi kwenda nyumbani kwake kupima pua."

Hapo alinijibu vizuri.

Nikampigia mwanangu. Siku hiyo alipokea. Nikamweleza kwa kuzunguka, maana habari za ndani kwake si zangu. Akasema, "Baba, mambo ya kulea ni ya wanawake. Kama kuna tatizo mama yake ataniambia." Nyuma yake kulikuwa na mashine inaunguruma. Akakata.

Nikamwita dada yangu kutoka Ikungi. Dada anaweza kuingia nyumba ile, anaweza kusema na mkamwana uso kwa uso. Akaja, akaingia, wakakaa ndani, nasikia wanacheka. Akatoka anajipepea na upande wa kitenge.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia nini? Mtoto alikuwa na mafua, akapewa dawa ya mafua. Unataka apewe dawa ya mguu?"

"Hana mafua yule."

"Kaka, sisi tulilelewa na nani? Mama akienda shamba tulipewa povu la pombe ya mtama, tunalala mpaka jioni. Umekufa wewe? Si huyo unanifokea na meno yako yote?"

"Meno yangu hayahusiki."

"Mwache binti wa watu atafute. Mwanao hatumi kitu, wewe kazi yako kukohoa uani, jirani naye ana watoto wake. Yeye afanyeje? Ajikate vipande viwili?" Akachukua kuku niliyemfungia safari, akaondoka anacheka. Dada yangu ni mtu wa kucheka hata msibani.

Nikabaki na njia moja, ile ya mtoto. Na hapo ndipo nilipojua nimefungwa kama kuku ndani ya tenga, maana siku za dawa mtoto amelala. Na siku asizopewa, akiwa macho na ana nguvu, nikimkalisha kwenye mkeka niseme, anakimbia. Nilingoja jioni moja mpaka alipokaa mwenyewe anachezea kikombe, mama yake anakuna nazi mlangoni. Nikakohoa.

"Mjukuu, mwambie mama yako babu ameona chupa. Mwambie ile dawa ni ya pua, si ya usingizi. Mwambie wenye duka wamesema inaweza kubeba pumzi ya mtoto."

Mbuzi ya nazi ikasimama. Mtoto akagonga kikombe chini, akasema, "Kuku!" Hakukuwa na kuku.

Mama yake hakuinua kichwa. Akasema polepole, "Mwambie babu mama ana mikono miwili tu. Mmoja uko kwenye sufuria, mwingine uko kwenye sufuria."

Kisha akamwinua mtoto, akaingia naye ndani jua likiwa bado liko juu. Tangu siku hiyo hakumweka tena kwenye mkeka wetu. Uji niliukuta kwenye kigoda bila salamu. Chumvi ikizidi, imezidi. Hakuna wa kumwambia. Wiki zikapita nyumba mbili kwenye uwanja mmoja hazina neno.

Watu wananiambia, mzee, ungesema naye tu. Ungefungua mlango ukachukua chupa ukavunja. Ni rahisi kwa anayesema. Mimi ningeingia chumbani kwa mke wa mwanangu, mwanangu hayupo? Kwetu baba mkwe akifanya hivyo, mwanamke anafunga mzigo anarudi kwao, na hakuna wa kumlaumu. Akienda, mtoto anaenda naye. Nilikaa kwenye kiti changu, mlango wa bluu uko mbele yangu, naweza kuurushia jiwe dogo likagonga, na nyuma yake mjukuu wangu amelala usingizi wa chupa. Siku za mnada ndivyo nilivyokaa. Nilitega sikio. Jirani akija akimwamsha, nikisikia analia, ndipo nakunywa chai.

Siku ile jirani hakuja. Kulikuwa na msiba upande wa kwao, aliondoka asubuhi na wenzake kwenye lori, mimi sikuambiwa. Mkamwana naye alishaondoka. Jua likapanda, likafika kichwani. Nikatuma macho njiani, hakuna mtu. Nikakohoa. Nikasogea mpaka karibu na dirisha, nikakohoa tena, nikaita, "Mjukuu! Babu anakuita!"

Ndani nikasikia anakoroma. Si kukoroma kwa mtoto. Kulikuwa na kitu kinachemka kooni, kinakatika, kinakaa kimya, halafu kinaanza tena. Nikagonga dirisha, nikapiga mlango na fimbo. Nikaita jina la marehemu mke wangu, sijui kwa nini, labda kwa sababu yeye ndiye alikuwa anaingia.

Kikakatika tena, na safari hii kimya kilikuwa kirefu. Nikausukuma mlango.

Tofali za nyumba ile nilizipanga kwa mkono wangu, lakini niliingia kama mwizi. Sebule, pazia, chumba. Pazia ni la kijani, sasa najua. Nguo zake zimening'inia kwenye kamba, nikapita nimeinama nisiziguse. Mtoto yuko kitandani, chali, ametapika, matapishi yako shavuni na mdomoni. Dirishani iko chupa, na kando yake kijiko cha kulia wali, kile kikubwa. Nikamgeuza, nikamtoa uchafu kwa kidole, akavuta pumzi kama mtu anayetoka kwenye maji. Shingo haina nguvu. Nikatia chupa mfukoni, nikambeba kifuani mpaka barabarani, nikamsimamisha kijana wa bodaboda. "Zahanati! Twende!" Hakuuliza bei wala nini.

Pale zahanati kulikuwa na foleni ya kina mama na watoto wa kliniki. Waliponiona wakapisha. Muuguzi, mwanamke wa umri wa kuwa binti yangu wa mwisho, akamlaza ubavu, akamsafisha koo kwa mpira, akamfinya, akamwita. Mtoto akatoa sauti ndogo.

"Amekula nini huyu?"

Nikampa chupa. Akaisoma, uso ukabadilika.

"Nani amempa?"

Nilimwona mkamwana kwenye macho yangu, yuko mnadani, mkono mmoja kwenye sufuria na mwingine kwenye sufuria. Nikaona mtendaji wa kijiji na mgambo wanamfuata pale kwenye moto wake mbele ya watu. Nikamwona mwanangu anashuka kutoka machimboni, na huyo hasira zake nazijua, ni zangu.

"Nimempa mimi," nikasema.

"Kijiko gani?"

"Kijiko cha kulia wali."

"Vingapi?"

"Sijui. Nilimpa tu."

"Hujui! Mzee, unampa mtoto dawa hujui umempa kiasi gani? Ili iweje? Ulitaka alale wewe upumzike?"

Kina mama wote wakanitazama. Mmoja akasema, si kwa kunong'ona, "Ndiyo hawa wazee, mtoto akilia kidogo tu wanaona kelele." Mwingine akasema, "Na mvi zote hizo." Mimi ni mtu niliyezoea watu kusimama nikiingia mahali. Nilisimama katikati ya chumba kile, matapishi yamenikaukia shatini, nikafokewa kama mwizi wa kuku. Kila neno la kunitetea lingemwangukia mtu mwingine.

Mtoto alikaa chini ya uangalizi mpaka jua likaanza kurudi chini. Alipofungua macho akasema, "Sitaki," akamsukuma muuguzi. Sijawahi kulipenda neno lolote kama nilivyolipenda lile.

Habari ikamfikia mkamwana mnadani, akafika kwa bodaboda, unga mikononi, kanga imemponyoka kichwani. Alipita moja kwa moja mpaka kwa mtoto. Muuguzi akamwambia, "Mama, mshukuru Mungu. Na huyu mzee wenu asiachiwe mtoto tena. Amemlisha dawa ya mafua kwa kijiko cha wali, anasema yeye mwenyewe."

Mkamwana akageuka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kuniangalia usoni, na mimi nikamwangalia, tukasahau mwiko wetu. Akafungua mdomo. Nikakohoa. Nilikohoa kile kikohozi cha uani, cha kusema pisha, nakuja. Akaufunga mdomo, akavuta kanga, akainama.

Habari ilifika kijijini kabla yetu. Kesho yake mwanangu akapiga simu, na safari hii hakukuwa na mashine nyuma yake. Alimpigia mkewe, akataka kusema na mimi. Mkamwana akaweka simu juu ya kigoda, imefunguliwa sauti, akasimama mbali kidogo, mtoto mgongoni.

"Baba. Nasikia umemlisha mwanangu dawa alale. Wewe si ndiye ulinipigia mimi habari za dawa? Au ulikuwa unatafuta wa kumsingizia?"

Sikujibu.

"Baba, sema ukweli. Ulimpa wewe?"

Nyuma yangu sikusikia hata kanga ikitikisika. Ningesema neno moja tu ningekuwa mtu safi, mbele ya mwanangu, mbele ya kina mama wa zahanati, mbele ya kijiji chote nilichokitembea kifua mbele. Na mwanamke yule angekuwa barabarani kabla ya Jumapili.

"Nilimpa mimi," nikasema.

"Basi mtoto anakwenda Iguguno kwa bibi yake mzaa mama. Na wewe usimguse tena." Akakata.

Mkamwana akampeleka Iguguno, akarudi peke yake. Tukabaki wawili kwenye uwanja, hakuna mdomo. Uji kwenye kigoda. Bakuli tupu kwenye kigoda. Kwa kuingia kwangu chumbani kwake nilitoa mbuzi wa faini, wazee wakala, wakasema yameisha. Asubuhi anapika, anaondoka. Jioni anarudi, anaingia, anafunga. Nilitegemea kwamba ataondoka, hakuondoka. Nilitegemea atamtuma mtu aniambie asante au pole, hakutuma. Na mimi sikuhitaji asante. Nilihitaji mtoto anigongee kikombe.

Nilijifariji kwamba kule yuko salama. Mkamwana alikuwa akimpigia mama yake simu jioni, anaketi kwenye ngazi ya mlango na simu imefunguliwa sauti kwa sababu spika yake ya sikioni imekufa. Nilisikia bila kutaka. Mtoto hashikiki, bibi yake alisema. Amemwaga maziwa. Amemfungulia mbuzi. Nilikuwa nakula ugali wangu nikiwa na raha.

Jioni moja mavuno yakiwa yamepamba moto, simu ikasema hivi: "Siku hizi hanisumbui tena. Nimepata dawa dukani, ile ya mafua. Nikimpa kijiko asubuhi analala, mimi naenda zangu kukata alizeti, nikirudi ndiyo kwanza anajinyoosha."

Nikarudisha tonge sahanini.

"Mama, usimpe," mkamwana akasema.

"Kwa nini?"

"Usimpe tu, mama."

"Wewe unaogopa ya yule mkweo. Kwani mimi ni yule mzee wenu, sijui kipimo? Mimi nimelea tisa." Na akacheka, akaaga, maana salio lilikuwa linakwisha.

Hapo nikauona uongo wangu ulikofika. Ningempigia mkwe mwenzangu, angenisikiliza kama nani? Mimi ndiye mzee wa kijiko cha wali. Kutoka hapa mpaka Mkalama hakuna mtu mmoja ambaye angekubali kufundishwa habari ya dawa na mimi.

Mkamwana alikaa na simu mapajani. Nikasimama. Sikukohoa. Nikavuka uwanja mpaka karibu na ngazi, nikasema, bila mtoto katikati, "Nenda kamchukue mtoto wako."

Akashtuka, akavuta kanga, lakini hakukimbia. Kuku walikuwa wanabanana juu ya vijiti vyao. Kisha akanijibu, na sauti yake ya kunisemesha mimi haikuwa ile ya kumsemesha mtoto. Ilikuwa nzito.

"Nikimchukua, baba, atakaa na nani?"

"Na mimi."

"Baba yake amekataa."

"Najua."

"Hatakubali mpaka ajue."

"Najua hilo pia."

Kila mtu akatazama chini pake. Sikumwambia amwambie. Ningewezaje? Nimeinunua siri yake kwa aibu yangu, halafu nimdai? Nilisimama pale, sijui nirudi kwenye kiti au nibaki. Akainua simu. Akaifuta kwa pindo la kanga, uso wa simu na uso wake, kwa pindo lile lile moja. Akabonyeza. Ikaita muda mrefu.

"Baba mtoto," nikamsikia anasema. "Kaa chini kwanza. Nina neno."

Nikageuka nikatoka uani haraka mpaka barabarani kwenye kelele za malori, kwa sababu maneno ya mke na mumewe si ya baba mkwe kuyasikia.